Gia ya Pili Iliyolia Hadi Bukene

Tangu jana asubuhi sikai. Binti yangu yuko Mwanza, wodi ya wazazi, mimba yake ya kwanza, na kila nikimpigia ananijibu neno moja: "Bado, Mama." Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nimeanua nguo hazijakauka, nikazianika tena. Mwishowe nimefanya alichokuwa akifanya baba yangu akikosa raha. Nimeisukuma pikipiki yake ya zamani hadi uani, nimekaza kanga kiunoni, nikakaa chini na spana.

Kama nawe una chuma cha zamani nyumbani, usikiogope. Giaboksi ina meno mengi lakini haina hila. Ukitaka kumwaga oili yake, kwanza iendeshe kidogo ipate joto. Oili ya moto hutoka na uchafu wake. Ya baridi hutoka yenyewe, uchafu ukabaki umelala chini. Tega karai, legeza boliti ya chini, halafu iache itiririke bila kuiharakisha. Kisha chovya kidole, usugue oili juani. Ukiona vumbi linalometameta, usihangaike, ni meno yanazeeka kama yetu. Ukikuta kipande unachoweza kukishika, hapo ndipo pa kusimama na kufungua zaidi. Na unaponunua oili mpya, mwambie muuzaji kwamba bushi za ndani, zile pete zinazobeba shafti, ni za shaba, akupe isiyoila shaba. Basi. Wewe unaweza kabisa.

Kabla ya kurudisha boliti mimi huipaka nta kidogo, ili siku nyingine isinigomee. Nta yangu iko kwenye kopo la majani ya chai, donge jeusi lililobaki ukubwa wa ndimu. Leo nilipolikwaruza kwa ukucha zilitoka harufu mbili pamoja, ya asali na ya oili iliyoungua, na mikono yangu ikasimama. Nilikuwa tena mtoto wa mtaa wa Mtendeni, Tabora, anayejua kwa hakika kwa nini mama yake ameondoka, na aliyekosea kabisa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu za maharusi, na watu walimsifu kwa mshono usioonekana hata ukiutafuta. Pikipiki aliirithi kwa babu, ambaye aliinunua kwa padri mmoja mzee wa huko Kipalapala aliyekuwa amechoka kuisukuma. Ilikuwa ya Kiingereza, nzito, na rangi yake nyeusi ilibaki kwenye tangi tu. Gia ya kwanza ilinguruma kama ya pikipiki yoyote. Ya tatu na ya nne zilikuwa tulivu. Ya pili ililia. Ilikuwa sauti nyembamba, iliyopanda kadiri baba alivyoongeza moto, kama mtoto aliyenyimwa kitu na anayejua kwamba hatimaye atapewa. Watoto wa mtaa waliiga kilio hicho kila walipomwona baba, hata akiwa anatembea kwa miguu. Naye aliona haya. Mtu wa mshono usioonekana, na kila aendako kilio kinamtangulia!

Mama alikuwa mtu wa Bukene, na kazi yake ilikuwa nta. Warina asali walimletea masega yaliyokwisha kukamuliwa, akayachemsha kwenye sufuria kubwa, akayapitisha kwenye gunia na kuyasokota mpaka mikono ikawa myekundu. Maji yakipoa, nta iliganda juu, mviringo wa njano ambao aliutoa mzima kama anayeinua mfuniko. Nyumba nzima ilinukia asali, na mama mwenyewe alinukia hivyo, hata siku ya Idi akiwa amejifukiza udi.

Kwetu nta ilikuwa dawa ya kila kitu. Baba alipitisha uzi wake kwenye nta ili usikwame. Shangazi Mwajuma, dada yake baba aliyekaa nyumba ya pili, alizibia nyufa za mtungi wake. Mlango ukilia bawaba, nta. Wapiga ngoma, nta. Hata leo ukimwuliza mtu wa Tabora dawa ya kitu kinachopiga kelele, usishangae akikujibu hivyo kabla hujamaliza swali.

Basi siku moja mama alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Nani kachukua nta yangu? Kipande kizima!"

Baba aliinamia cherehani. "Labda panya."

"Panya gani anayebeba nta nzito kama tofali, Baba Zuhura? Ana mkokoteni?"

Baba akazidi kukanyaga cherehani. Siku zilezile pikipiki iliacha kulia. Baba aliipitisha mbele ya baraza za watu mchana, kidevu juu, akapunguza mwendo makusudi ili wasikie kwamba hawasikii kitu. Na haukupita muda mama akafunga mzigo wake, akapanda treni kwenda Bukene.

Aliniambia nimsikilize shangazi, akanipangusa uso kwa pembe ya kanga, akaenda. Nilipomwuliza shangazi, alisema, "Mama yako amekwenda kwao kupumzika."

Wewe msomaji umekwisha kuelewa. Kwetu mwanamke aliyekaribia kujifungua alirudi kwa mama yake, na watoto hatukuambiwa. Wakubwa waliyazungumza juu ya vichwa vyetu, kwa macho na midomo iliyobetuliwa. Mimi niliona kanga mbili mbili alizojifunga mama nikadhani ni baridi. Niliona anavyotembea kwa uzito nikadhani ana hasira. Na kwa hesabu yangu ya kitoto hasira ilikuwa na sababu moja: nta yake imeibwa. Ikipatikana, atarudi.

Kwa hiyo sikutulia. Nilitafuta uvunguni. Nilitafuta nyuma ya banda la kuku. Nilichungulia mtungi wa shangazi mpaka akaniuliza kama nimepoteza ndugu humo. Nilikula nikiwa nimesimama, ili nisichelewe kuendelea kutafuta. Baba naye hakutulia. Aliweka uzi kwenye sindano akausahau, akatoka kwenda stesheni kuuliza treni, akarudi. Reli ilikuwa inafanyiwa matengenezo, na treni ya Mwanza haikuwa na siku maalumu. "Haidhuru," alimwambia shangazi, "nina chuma changu."

Kisha akaja mjomba Masanja, kaka yake mama, juu ya lori lililokuwa likipita kuelekea Sikonge. Nilitolewa nje. Nikajibanza ukutani upande wa jikoni.

"Mzee kasema hangoji mtu, shemeji," alisema mjomba. "Keshokutwa watu wanakusanyika. Usipofika, atamaliza mwenyewe."

"Amalize yeye? Na mimi niko hai?"

"Mimi nimetumwa tu, usinikodolee macho."

Haya ndiyo niliyokuja kuyajua baadaye: mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, mama yu mzima, na keshokutwa ndiyo ilikuwa siku ya saba, siku ya kunyolewa nywele na kupewa jina. Jina ni la baba kulitoa. Lakini babu wa Bukene hakuwahi kumpa baba heshima yake yote. Siku ya posa alimwita "mkwe anayekuja na kilio", na neno hilo lilibaki. Baba asipotokea hata siku hii, jina angetoa babu, na baba angeitwa mgeni katika nyumba ile mpaka mwisho. Hayo yalikuwa ya baba. Mimi pale ukutani nilielewa yangu: babu amechoka kungoja nta, na keshokutwa atamchukua mama moja kwa moja.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi ile ya kipupwe inayouma masikio. Baba alivaa koti, akafunga kanzu mpya kwenye kiti cha nyuma, akakanyaga kiki. Kiki haikushuka. Akakanyaga tena kwa nguvu. Akapanda juu yake kwa miguu miwili, uzito wake wote, nayo ikambeba.

Shangazi alikuwa anaosha vyombo. "Kaka, hiyo pikipiki au ngazi?"

"Mwajuma, si leo."

"Mimi nauliza tu. Kama ni ngazi, nina paa linavuja."

Baba alizunguka pikipiki. Alikwenda mpaka barabarani, akarudi. Gari la Nzega lilikuwa limekwisha kuondoka na hakuna aliyejua la pili. Mwisho akavua koti, akaleta spana, akafungua ubavu wa giaboksi. Springi ya kiki iliruka ikampata jogoo, naye akakimbilia kwa jirani akishtaki. Hatukucheka, kwa sababu mfuniko ulikuwa umetoka na hakuna tone lililodondoka. Meno yote, shafti zote, vilikuwa vimefunikwa na kitu cha kahawia kilichoganda, kama mchuzi wa mbuzi uliolala nje.

Na kilinukia mama.

Nilipiga kelele. "Nta ya mama! Nta ya mama hiyo!"

Shangazi alikuja na mikono yake ya povu. Alitazama ndani, akamtazama kaka yake, akatazama tena ndani. "Kumbe panya mwenyewe ana ndevu," alisema, kisha akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa povu, macho yakamwasha, akaendelea kucheka.

Baba alikuwa amefanya kama fundi cherehani wa Tabora. Kitu kinalia, kipake nta. Alimwaga oili, akajaza nta iliyoyeyushwa na grisi kidogo, na katika joto la mchana ikakubali. Baridi ilipokuja, ikawa jiwe.

"Nitakwangua hapa mbele," alisema akishika kijiti, nusu akijisemea. "Izunguke tu. Inayobaki itayeyuka njiani."

Nikamshika mkono wa shati. "Yote, Baba."

"Zuhura, mwanangu, sina muda."

"Yote! Mama anajua ilivyokuwa kubwa!"

Alijaribu kunitoa mkono kwa upole, nikashika kwa mikono miwili. Nililia kama gia ya pili. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini kijiti alikiweka chini.

"Inatokaje yote?" aliuliza. Hakuniuliza mimi, aliuliza tu.

"Mama huwa anachemsha," nikasema.

Shangazi alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kuleta sufuria kubwa.

Nilichokiona siku ile ndicho kilichonifundisha ninachokijua hadi leo. Baba alitandika kitambaa cheupe cha kanzu uwanjani. Kila gia aliyoitoa aliilaza juu yake, akaizungushia chaki yake ya ushonaji, kama anavyochora mkono wa nguo kabla ya kukata. Pete, shafti, kila kimoja na mchoro wake, kimepangwa kilivyotoka. Ilikuwa akili ya cherehani, na sijawahi kuona njia bora. Nawe ukifungua kitu usichokijua, kichore kinavyolala. Usiiamini kumbukumbu yako, hasa siku ambayo moyo unakimbia.

Vyuma viliingia kwenye maji yanayochemka. Tukaketi kuzunguka sufuria tukitazama, na kwanza hakukutokea kitu, halafu yakaanza kupanda madoa ya mafuta, machache, mengi, yakashikana. Ganda la giaboksi lenyewe lilibaki kwenye pikipiki, baba akaliosha kwa mafuta ya taa aliyoyapasha moto kwa kuweka kopo ndani ya maji ya moto, mbali na jiko. Aliosha mpaka kitambaa kikatoka safi. Vyuma alivitoa vikiwa vya moto, akavifuta harakaharaka kwa mabaki ya vitambaa visipate kutu, akavianika juani kila kimoja juu ya mchoro wake.

Alipofuta bushi moja alinionyesha. Shaba yake ilikuwa na doa la buluu, kama mtu aliyegongwa.

"Unaona hapa? Palikuwa pakavu. Nta ukiisukuma inakaa ulikoisukuma. Oili ukiisukuma inarudi." Aligeuza bushi kwenye jua. "Ningefika Uyui tu, ingeng'ang'ania, tungelala huko."

Maji yalipopoa nta ilikuwa imeganda juu. Haikuwa ya njano tena, ilikuwa nyeusi, lakini niliitoa nzima kama mfuniko, kama mama. Niliifunga kwenye kitambaa na sikuiachia tena.

Kurudisha kulichukua mchana wote, maana mikono ya baba ilikuwa ikitaka kukimbia kuliko kazi. Kila jino alilipaka oili kabla ya kuliweka. Mara mbili alifunga, akazungusha, akasikia kitu, akafungua. Kisha ikabaki kujaza. Ubavuni mwa giaboksi kuna tundu dogo. Unamimina juu mpaka oili ichungulie hapo, basi, wala usizidishe. Oili nzito wakati wa baridi haina haraka. Baba aliinama, akachungulia. Akamimina. Akachungulia. Akaanza kumimina tena.

"Kaka, nenda kaswali Alasiri," alisema shangazi. "Iache ishuke. Unamimina juu ya ambayo haijafika."

Alikwenda. Mimi nikabaki nimekaa mbele ya tundu lile, nta mapajani. Aliporudi, tone moja la rangi ya asali lilikuwa limesimama mdomoni mwa tundu, likanenepa, likaanguka.

Tuliondoka kesho yake alfajiri, siku yenyewe. Baba hakupanga kunichukua. Lakini alipotaka kuniaga alikuta nimekwisha kupanda juu ya tangi na nta yangu kwenye kitambaa kifuani, na nilimwambia kwamba mwenye kuirudisha ni mimi. Alimtazama shangazi. Shangazi alisema, "Umemwibia mama yake, sasa unataka kumwibia na mtoto?"

Akanifunga koti lake, akakanyaga kiki, ikashuka kama inavyotakiwa. Gia ya kwanza ikaingia. Tukatoka Mtendeni, akaweka ya pili, nayo ikalia kuliko ilivyowahi kulia.

Nilihisi kifua cha baba mgongoni mwangu kikikaza. Halafu kikaanza kutikisika, nikajua anacheka.

Tulifuata njia ile ya kale ya kaskazini, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu na nta, ambayo sasa inakwenda sambamba na reli, inaiacha, inairudia. Kipupwe kilikuwa kimeigeuza mchanga mtupu. Kwenye mchanga gia ya tatu ni kubwa mno, pikipiki inazama. Ya kwanza inachemsha injini bure. Ni ya pili tu. Kwa hiyo tulilia. Tulilia chini ya mizinga iliyotundikwa mitini, tulilia katikati ya vijiji, watu wakatoka kwenye karanga zao kutazama ni kitu gani kinachinjwa. Sikuogopa njaa wala baridi. Niliogopa jua tu, kwa kuwa lilikuwa linapanda na mimi nilidhani mama yuko kwenye foleni ya kuchukuliwa.

Uwanja wa babu ulikuwa umejaa. Palikuwa na mkeka katikati, bakuli la maji, wembe juu ya sahani. Baba alizima, na ukimya ukatuangukia masikioni. Alikwenda moja kwa moja kwa babu, akainama, vumbi likimtoka kila mahali.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Mwangaluka. Marahaba." Babu alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Nywele tulikwisha kuzilowesha. Wembe nilikuwa nao mkononi. Ni huyu mkeo aliyetukatalia. Tangu lini sijui anasema, ngojeni, namsikia anakuja. Sisi tulikuwa hatusikii kitu, tulidhani ni uchovu wa uzazi." Akaisogeza ile sahani ya wembe mbele ya baba. "Haya, mkwe wa kilio. Mtoto wako huyo. Mpe jina."

Baba alilitaja jina, na ilibidi alirudie ndipo watu wakaitikia.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alimwambia baba polepole, kama watu wote hawapo, "Ilipoacha kulia, siku ya kwanza nilidhani umeiuza. Kila siku nilikuwa naisikia ikipiga kona ya msikiti ndipo nabandika maji ya ugali. Ukanifanya nipike kwa kubahatisha."

Nikampita baba. Nikafungua kitambaa.

"Hii nini, Zuhura?"

"Nta yako. Baba aliiweka kwenye gia. Tumeitoa yote, hakuna iliyobaki. Sasa twende nyumbani."

Uwanja mzima ulicheka, babu akacheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alilipokea lile donge jeusi kwa mikono miwili, akalinusa, akaliweka pembeni taratibu kama kitu kinachovunjika. Kisha akanivuta karibu, akaninyoosha miguu, na mahali palipokuwa na nta, mapajani mwangu, akaweka kifurushi chenye joto kilichonyolewa kichwa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mdogo wangu tulipewa kwa kubadilishana na nta. Zipo siku nilizoona tulipunjwa.

Mama hakuiyeyusha tena nta ile. Aliigawia pikipiki, kidogo kidogo, mahali pake panapofaa, kwenye boliti na kwenye karatasi ya gasketi inayoziba mfuniko, nje. Ndani ni oili. Baba hakujaribu tena kuinyamazisha gia ya pili.

Leo nimerudisha boliti. Nimemimina, nimengoja, tone limesimama mdomoni mwa tundu, likaanguka. Nilikuwa nafuta mikono simu ilipolia, nikaibonyeza kwa kiwiko.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya zamani. "Bado. Ila sasa inauma kweli. Na mimi naogopa."

Nilitaka kumwambia mengi. Mimi ni mtu wa kueleza, kila mtu anajua. Yeye aliniwahi.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Uani. Naishughulikia pikipiki ya babu yako."

Alivuta pumzi ndefu, akangoja kitu kimpite. "Hebu iwashe."

Nikaisimamisha kwenye stendi, gurudumu la nyuma likaning'inia. Kiki ilishuka vizuri. Nikaingiza ya kwanza, kisha ya pili, nikaongeza moto, na simu nikaishika pale chini, karibu kabisa na meno.

"Unaisikia?" nikapaza sauti.

"Usiizime," alisema.